Siku Mama Kilio Alipoishiwa

Aliyetaka pazia zuri alielekezwa kwenye duka la Mama Kilio, na aliyetaka kujua jina hilo limetoka wapi aliambiwa awashe televisheni Ijumaa jioni. Hapo ndipo ilipoonyeshwa ile tamthilia ya mauzauza: wapelelezi wawili, mwanamume na mwanamke, wanaoitwa kila panapotokea jambo lisiloelezeka, taa kujizima zenyewe, maiti kupotea, mtoto kusikika ndani ya ukuta. Na penye mtoto ndani ya ukuta hapakosi mama anayelia nje ya ukuta. Mama huyo, msimu baada ya msimu, alikuwa yeye. Walimbadilishia kilemba na jina, kilio wakakiacha kilekile. Watazamaji walijitia hawaoni kwamba mwanamke mmoja amepotelewa na watoto wengi kupita kiasi.

Aliingia kwenye kazi hiyo kwa mlango wa mapazia. Alikuwa amepanda ngazi anapima dirisha la studio siku ambayo mwigizaji aliyetakiwa kulia alikauka macho. Walimpaka dawa ya mafua chini ya kope, wakamletea vitunguu, wapi. Mwongozaji alianza kufoka, na huku kila mtu akitazama viatu vyake, Mama Kilio akasema kutoka juu ya ngazi, futi ya kupimia ikiwa bado shingoni, kwamba kama ni kulia tu yeye angeweza. Alishuka, akalia. Fundi wa taa aliwaacha akaenda kutafuta leso.

Siri yake ilikuwa akiba. Kila alipotakiwa kulia alichomoa msiba mmoja kutoka kichwani na kuutumia. Alikuwa na kifo cha baba yake. Alikuwa na moto uliokula duka lake la kwanza, na mumewe aliyetoroka na mteja wa mapazia ya sebuleni, na hiyo ndiyo faida pekee aliyowahi kuipata kwa bwana yule. Misiba hiyo aliizungusha vizuri, asichoshe mmoja. Kichwa kilimvimba kidogo, tuseme ukweli. Ukipita sokoni watu wanakuonyeshea kidole kwa wema, lazima shingo irefuke.

Msiba mmoja tu hakuugusa, kwa sababu haukuwa wake. Dada yake mkubwa, aliyemlea baada ya mama yao kufariki, alikuwa na mtoto mmoja, wa kiume, kijana wa shule. Asubuhi moja kijana alichelewa kuamka, akachukua baiskeli akaondoka bila kugusa chai, na gari likamgonga kabla hajafika. Walipofika hospitalini wakaambiwa amekata roho. Mbele ya mlango wa chumba alicholazwa, dada alimwambia muuguzi, "Nipisheni. Huyu hajala. Ameondoka nyumbani hajala." Muuguzi akasema mzazi asiingie kwanza, kuwe na mtu mwingine wa kumtambua. Aliyemshika dada kiuno akamrudisha nyuma alikuwa Mama Kilio mwenyewe, na ndiye aliyeingia kutambua. Alipotoka alisema kijana alikuwa kama amelala. Tangu hapo hawakuizungumza tena siku ile. Dada alirudi kwenye pasi zake, maana alikuwa dobi, na miaka ikapita juu ya jambo hilo kama maji juu ya jiwe.

Sasa basi, wenye tamthilia wakaamua kutengeneza gemu. Si gemu la kurukaruka na kupiga risasi. Hili lilikuwa filamu unayoicheza kwenye simu. Wewe ndiye mpelelezi. Filamu inakwenda, inafika mahali inasimama, chini ya kioo yanatokea maneno matatu, unagusa moja, na filamu inafuata ulichochagua. Watu walilisubiri kwa hamu. Lakini kwa waigizaji maana yake ilikuwa moja: kila tukio linapigwa picha mara tatu, kila mara kwa mwisho wake, na mwongozaji hataki uso uliotumika kwenye njia moja uonekane kwenye nyingine.

Kwa Mama Kilio hilo lilikuwa balaa. Alizoea kulia mara moja akaenda zake kukata mapazia. Sasa alitakiwa alie akizuiwa, alie akipuuzwa, alie akipishwa, na hapo ni tukio moja tu. Akamtoa baba. Akatoa moto. Mume alitumika mpaka akabaki kichekesho. Ilipofika zamu ya tukio kubwa, mama mbele ya mlango wa chumba cha maiti, na maneno ya kuchagua yakiwa *Mzuie*, *Nyamaza* na *Mpishe*, akiba ilikuwa imekwisha. Alijikamua, akatoa sauti bila machozi, kisha machozi bila sauti. Mwongozaji akavua kofia akajikuna. Akasema, kwa upole, na upole ndio uliomchoma, kwamba kilio hicho wamekwisha kukiona msimu uliopita, na kwamba pengine wangemtafuta mama mwingine.

Mama Kilio aliutazama ule mlango. Ulikuwa wa plaiwudi, umepakwa rangi ya kijivu, na nyuma yake mafundi walikuwa wanakula. Akaomba nafasi moja ya mwisho. Kamera ilipowaka akafungua mdomo, na yaliyotoka hayakuwa kwenye karatasi ya mtu yeyote.

"Nipisheni. Huyu hajala. Ameondoka nyumbani hajala."

Aliyasema akilia, kwa sauti iliyokatika katikati, na machozi yakaja mengi kuliko wakati wowote. Nyuma ya mlango mafundi waliacha kutafuna. Mwongozaji akasema, hiyo hiyo, usiibadilishe, na akalipiga picha tukio lote, njia zote tatu, kwa maneno yaleyale. Katika ile ya kupishwa, mlango ulifunguliwa, naye akaingia mikono mbele, mlango ukafungwa nyuma yake.

Alifurahi. Hilo ndilo lililokuja kumtesa baadaye kuliko yote, kwamba pale pale, shati likiwa bado limelowa machozi, alifurahi. Walimshika mikono, wakamwambia hajawahi kuwa hivyo, naye akasema asanteni kama mtu aliyepika mwenyewe. Aibu ilianza akiwa njiani kurudi. Alijiona kama mtu aliyevaa nguo ya mwenzake bila kuomba, akasifiwa mtaani, na sasa anaogopa kukutana na mwenye nguo.

Gemu lilipotoka lilishika mji. Na kwa vile unaweza kurudi nyuma ukachagua upya, watu walirudia tukio la mlango mara kwa mara kutafuta njia ambayo yule mama hatalia. Haikuwepo. Basi maneno yakatoka kwenye simu yakaingia mtaani. Mtu akichelewa kutoka kazini kwenda chakula cha mchana, wenzake wanasema nipisheni, huyu hajala. Kinyozi wa jirani aliyafanya mlio wa simu yake. Wateja waliingia dukani kununua pazia wakimwuliza Mama Kilio, kwa sauti ya kilio, kama amekula, naye akacheka nao. Alicheka kila mara. Alikuwa akikata kitambaa na kucheka, na moyoni anatamani ardhi ipasuke imfiche.

Alijifariji kwamba dada si mtu wa magemu. Simu yake ilikuwa ya vitufe, televisheni aliitumia kuegeshea redio. Hata hivyo kila alipomtembelea alikuwa roho juu, masikio yakiwa dirishani, na kijana yeyote akipita na simu yenye sauti aliinuka kufunga dirisha, akisingizia vumbi. Mara nyingi alijiandaa kumwambia. Alipanga maneno njia nzima, akifika mdomo unakuwa mzito, anauliza habari za pasi. Kisha akaanza kupunguza kwenda. Akatuma salamu. Mwisho hata salamu zikamshinda, na dada, ambaye hakuwa mtu wa kubembeleza, hakuuliza.

Dada alikuja mwenyewe, mchana, saa za kazi, jambo ambalo hakuwahi kulifanya. Mama Kilio alikuwa anamkunjulia mteja kitambaa alipomwona dada mlangoni, amevaa aproni ya kazini, ameshika simu kubwa isiyo yake. Mteja alikuwa mpole, akasema atarudi. Dada akaingia, akakaa juu ya majora ya vitambaa, akaiweka simu kwenye meza ya kukatia.

Alieleza bila haraka. Simu ni ya msichana wanayefanya naye kazi pale udobini. Msichana alikuwa anacheza gemu wakati wa mapumziko, akicheka, na yeye dada akamwambia apunguze sauti, inamsumbua. Halafu akamwambia aongeze. Halafu akamwomba amwazime.

"Nionyeshe linavyochezwa," akasema. "Vidole vyangu havijui."

Hakuna namna ya kukataa jambo kama hilo. Mama Kilio alifungua tukio, vidole vikiteleza kwa jasho. Maneno matatu yakatokea. Dada akanyoosha kidole, kigumu kwa moto wa miaka mingi, akagusa *Mzuie*. Wote wawili walimtazama mwanamke mwenye kilemba akilia, akishikwa, akirudishwa nyuma. Dada akaomba tena. Akagusa *Nyamaza*. Kisha akagusa *Mpishe*, na mlango ukafunguka, yule mwanamke akaingia, kioo kikawa cheusi. Hilo la mwisho alilirudia mara kadhaa, na kila mara Mama Kilio aliisikia sauti yake mwenyewe ikisema maneno yasiyo yake, ndani ya duka lake, mbele ya mwenye maneno.

"Dada, nisamehe," akasema. "Niliishiwa. Walitaka kuniondoa. Yakanitoka tu."

"Mimi sikulia," dada akasema. "Hapo wewe unalia. Mimi nilisema vizuri kabisa, kama mtu anayeomba njia. Mpaka leo sijalia. Kwa hiyo sijui ulikuwa unamlia nani."

Mama Kilio alitazama mkasi, akatazama sakafu. Alisema kwamba ataenda kwa mwongozaji, atamwambia wayatoe maneno yale, na alijua anaposema kwamba hayatoki tena, yako kwenye simu za watu na midomoni mwao. Dada naye alijua, maana aliipungia mkono ahadi hiyo kama mtu anayefukuza nzi.

"Sikuja kwa ajili ya msamaha. Huo nitakupa nikipenda, siku nikiamka vizuri. Nimekuja kwa ajili ya mlango." Aligonga kioo cha simu kwa kucha. "Humu wamekupisha. Siku ile mimi ulinizuia, halafu ukaingia wewe. Ukatoka ukaniambia alikuwa kama amelala. Nikakuamini. Leo nimekaa na msichana yule, nikakuona humu, nikasema, mdogo wangu anajua kusema vitu vya kweli. Kumbe anajua. Watu wasionijua umewapa ya kweli. Mimi ukanipa ya kwenye televisheni."

Mama Kilio akafunika uso, na machozi yakaanza, yale yale mazuri.

"Hapana," dada akasema. "Hayo nimeshayaona, yako humu. Kaa uniambie. Alikuwaje?"

Alikaa. Ilimchukua muda kuyazuia; mtu aliyesifiwa maisha yake yote kwa kulia hakujua pa kuanzia kuyafunga. Alipopata sauti ilikuwa ndogo, ya kawaida, ambayo hakuna kamera ingeitaka. Alisema hakuwa kama amelala. Jicho moja halikufumba vizuri. Chini ya jicho palichubuka, na mchanga ulikuwa bado umeshika pale, naye aliupangusa kwa kona ya kanga. Alikuwa na soksi moja. Shati la shule walilichana mbele kwa mkasi, na alipoliona aliwaza, dada atasema nani amechana shati hili. Mkono mmoja ulikuwa umening'inia nje ya kitanda. Aliuinua akaurudisha juu.

Dada alisubiri. Nje mtu alipita akipiga mluzi, akapotea.

"Mkono ulikuwa una joto," Mama Kilio akasema. "Alikuwa bado ana joto, dada. Wewe uko pale nje unaomba njia, na mimi nimekushika, na yeye alikuwa bado ana joto. Niliposikia lile joto nilijua nimekufanyia nini. Ungemkuta. Ungemshika akiwa bado wako. Nikatoka nikasema alikuwa kama amelala, na nikaona aibu, na nimeona aibu kila siku, na sikuthubutu."

Dada aliitazama simu, lakini kioo kilikuwa kimekwisha kujizima. Mama Kilio alingoja apigwe, au aachwe, na lolote kati ya hayo mawili angelipokea kwa shukrani.

"Mkono upi?" dada akauliza.

"Wa kulia."

Dada akasogeza mkasi kando. Akaulaza mkono wake wa kulia juu ya meza ya kukatia, kiganja juu, ukining'inia kidogo ukingoni.

"Nionyeshe ulivyoushika," akasema.

Mama Kilio akauchukua kwa mikono miwili, akauinua, akaurudisha juu ya meza, taratibu, kama alivyofanya siku ile. Alipotaka kuuachia, dada akamwambia asiuachie bado. Na hapo ndipo dada alipolia.