Kiti cha Minza Kilitangulia

Minza alivunja kiti kwenye mazishi ya mumewe. Kilikuwa cha plastiki, cha kukodi, na kilingoja mpaka sala ianze. Mjane chini, miguu juu. Katekista akameza kicheko akakigeuza kikohozi, na waombolezaji wakainamisha vichwa, mabega yakitetemeka. Aliyetazama kwa mbali alidhani kijiji cha Nkololo hakijawahi kumlilia mtu kama kilivyomlilia marehemu Masunga.

Tangu siku hiyo Minza hakukaa tena mbele za watu. Harusini alisimama, kanisani alijipa kazi ya kupokea wageni mlangoni. Wifi yake Kabula, dada wa marehemu, kila akimtembelea nyumbani kwake Somanda alimzunguka kama anakagua ng'ombe mnadani, akilalamika kwamba mjane wa kweli hukonda. Minza alimjibu kuwa alijaribu, ikashindikana: watu walileta mchele mwingi msibani, na yeye hulia vizuri akiwa ameshiba.

Ndipo akatokea Marcelo, mgane, mnunuzi wa ng'ombe kutoka Kimali. Alimwona Minza akipima mchele sokoni, akanunua kilo. Akarudi, akanunua tena, na tena, mpaka panya wa kwake wakanenepa. Mwishowe akamwalika hotelini kula kuku Jumapili.

Minza akashona gauni la kitenge cha njano, linalobana kila kinachostahili kubanwa. Akajigeuza mbele ya kioo, akajipigia vigelegele. Halafu akakumbuka viti vya hoteli ile ni vya plastiki, akaketi kwenye kiti chake cha mninga kuwaza. Masunga, fundi seremala, alimchongea kiti hicho walipooana. Alimpima kwa mikono, polepole, akirudia vipimo bila sababu yoyote ya kiseremala.

Jumapili Minza akaita bodaboda mbili, moja yake, moja ya kiti. Ya kiti ikatangulia kufika, mzigo ukiwa mwepesi.

Marcelo akajikuta anatazamana na kiti kitupu, mhudumu akimuuliza kama nacho kitakula. Minza alipoingia, njano tupu, hoteli nzima ikageuka kumtazama.

"Mwadila, mayu," Marcelo akamwamkia kwa Kisukuma, akimwita mama kwa heshima. "Kiti cha nani hiki?"

"Changu. Alinichongea marehemu mume wangu. Nampenda mpaka leo, na viti vya plastiki vinanivunjikia. Kama moja kati ya hayo linakukera, sema, nile kuku wangu niende zangu."

Marcelo akainama, akagonga miguu ya kiti, akatikisa egemeo lake.

"Huyu bwana alijua alichonacho," akasema. "Kaa, mayu. Kuku anapoa."

Akakaa. Kwa uzito wake wote, bila kushika meza. Machozi yakamtoka huku anacheka, akayafuta kwa kiganja, akaagiza paja lingine.

Waliporudi, Marcelo alijitwisha kiti kichwani, wakakatiza mtaa kwa miguu. Kabula, aliyekuja tena kumtembelea, alikuwa gengeni akichagua nyanya, akaziacha na kuuliza, mtaa mzima usikie, mwanaume yule anakipeleka wapi kiti cha kaka yake.

"Nyumbani, wifi," Minza akamjibu bila kupunguza mwendo. "Njoo tunywe chai."

Kabula akawafuata, akinung'unika hatua kwa hatua. Minza yeye alishika katikati ya barabara, mikono mitupu inabembea, pikipiki zinampisha kulia na kushoto.