Pipa la Maji ya Moto kwa Watakaoshinda Mdahalo

Juni iliyopita nilimsindikiza binti wa kaka yangu kwenye kambi ya mdahalo, shule ileile niliyokwenda mimi, pale chini ya Mlima Hanang. Mwalimu wa zamu akatutembeza: bweni lenye magodoro, ukumbi wenye vipaza sauti, vyoo vya kuvuta maji. Alipotufikisha bafuni akafungua bomba, maji yakatoka na mvuke wake. "Yanachemshwa na jua haya," akasema, akionyesha juu ya paa. Nikacheka mpaka nikashika ukuta. Binti akaninong'oneza, "Shangazi, unaniaibisha." Basi ngoja nikusimulie wewe, maana yeye hakutaka kusikia.

Enzi zetu mkoa wa Manyara ulikuwa mchanga kabisa. Baba bado aliandika Arusha kwenye bahasha, na barua zilifika hivyohivyo. Mitumba ilikuwa imejaa mnadani Katesh, redio zimekuwa nyingi, na kila mtu mzima alikuwa na neno la kusema juu ya soko huria. Ndipo mwalimu wetu wa mdahalo, kijana aliyetoka chuoni juzijuzi, alipopata wazo la kambi wakati wa likizo ya Juni, wavulana upande mmoja na wasichana upande mwingine.

Wazo lilikuwa kubwa kuliko shule. Ukumbi ndio uliokuwa bwalo, na bwalo ndilo lililokuwa ghala, kwa hiyo tulijadiliana katikati ya magunia ya mahindi, na msemaji akipiga meza kwa nguvu panya walitoka kuona kuna nini. Wasichana tulilala darasani, madawati yamesukumwa ukutani, juu ya mikeka na nyasi kavu. Mchana tulikula makande, jioni tukala makande yaleyale yakiwa yamechoka. Bafu lilikuwa mabati manne yasiyo na paa, na upepo wa mlimani uliingia humo ukaoga pamoja nawe.

Baridi ya Juni ya kule si ya kusimuliwa. Maji ya kisimani ukinawa miguu, meno ndiyo yaliyouma. Jikoni kulikuwa na pipa moja tu la maji ya moto, kwa sababu kuni zilikuwa za kupikia. Mwalimu akatoa sheria kwamba upande utakaoshinda mdahalo wa jioni, pipa ni lao.

Sisi wasichana tulikuwa hatujayagusa maji hayo tangu tufike, na sababu ilikuwa mimi.

Walinichagua msemaji wa kwanza kwa kuwa insha zangu zilisifiwa. Kuandika nilikuweza. Shajara yangu ilijaa majibu ya kukata maini, yote ya kuwajibu watu waliokwisha kuondoka. Lakini nikisimama mbele za watu, ulimi uligeuka kuwa wa mtu mwingine. "Mheshimiwa mwenyekiti, asante," ningesema, nikakaa. Ikawa hivyo kila jioni. Wavulana wakanibatiza Mheshimiwa Asante. Asubuhi walipita mlangoni kwetu wameoga, wanang'aa mafuta. "Dada zetu, leo mnanukia moshi au mnanukia mbuzi?"

Nahodha wetu, msichana mrefu wa Gitting asiye na subira, alinishika bega siku ya fainali. "Leo usipoongea, yale ya kisimani tutakumwagia wewe. Sitanii."

Mada ilikuwa kwamba soko huria limeua adabu za vijana. Wavulana waliunga mkono, sisi tukapinga. Kwa kuwa ilikuwa fainali, kwenye benchi la mbele walikaa wakubwa: mkuu wa shule, mama mpishi, mlinzi, na mzee mmoja mfugaji aliyekuja kwa miguu kutoka Gehandu kumwangalia mjukuu wake. Alikuwa na shuka begani, fimbo katikati ya magoti, na vumbi mpaka kwenye nyusi.

Msemaji wa wavulana aliingia na miwani ya jua ya mtumba. Akapita mbele ya lile benchi bila kugeuza shingo, akapiga meza. "Vijana wa leo hawana adabu!" Akaporomosha kama mtangazaji wa redio, akashangiliwa mpaka vumbi la magunia likapanda.

Zamu yangu ikafika. Nikasimama, nikakutana na macho ya benchi la mbele, na hotuba yote ikayeyuka. Bibi yangu alizoea kusema kwamba maneno yaliyotangulia salamu ni kama mgeni aliyeingilia dirishani. Miguu yangu ikaniondoa jukwaani yenyewe, nikainama mbele ya mkuu wa shule. Shikamoo. Marahaba. Nikaenda kwa mama mpishi, nikaenda kwa mlinzi. Nikamfikia mzee.

"Shikamoo, babu."

"Marahaba, mjukuu wangu. Wewe wa wapi?"

"Wa Mbulu, babu. Dongobesh."

"Aa, mbali! Ng'ombe wa kwenu hawajambo?"

"Hawajambo. Mmoja tu anachechemea."

"Yupi?"

"Yule mwekundu, mwenye pembe moja."

"Mguu wa mbele au wa nyuma?"

Mtunza muda akagonga glasi kwa kijiko. Mzee akamgeukia. "Wewe mtoto, acha kelele! Huoni watu wanaongea?" Mtunza muda akatia kijiko mfukoni.

Tulipomaliza mguu tukaingia kwenye mvua, na muda wangu ukaisha. Nahodha alikuwa amejifunika uso kwa sweta. "Mheshimiwa Shikamoo!" wakapiga kelele wavulana. Mwalimu akainuka kuwatangaza washindi, na fimbo ya mzee ikainuka pamoja naye.

"Ngoja, mwalimu. Huyu wa miwani anasema vijana hawana adabu. Kwake yeye sawa, nimeona. Na huyu binti je, si kijana?"

"Mzee, kwa kanuni, hakutoa hoja hata moja."

"Hoja gani tena? Ameniamkia."

Mkuu wa shule akakohoa. Mwalimu akamtazama mkuu, akaitazama fimbo, akatangaza kwamba wasichana wameshinda.

Tulikimbia jikoni na ndoo zetu, nahodha amenikumbatia njia nzima. Mama mpishi alikuwa amesimama mbele ya pipa, mikono kiunoni. "Mgeni ametembea kutoka Gehandu. Anaoga mgeni kwanza. Au ile adabu mmeiacha ukumbini?"

Nahodha akaniachia. "Umeamkia mpaka umeyagawa maji yetu," akasema.

Mzee hakuwa na haraka. Tulimsikia nyuma ya mabati akiimba kwa lugha yake, maji yakimwagika kwa ukarimu. Pipa lilipotufikia lilikuwa na kata moja moja, yenye majivu. Yangu nilijimwagia shingoni, na nilitetemeka kwa raha.

Bwalo lile limevunjwa. Mama mpishi amefariki, na mzee sikupata hata kulijua jina lake. Watoto wa sasa wanaoga maji ya moto bila kumshinda mtu yeyote, na ninafurahi kwa ajili yao, nakuambia kweli. Juni hiyo iliyopita nilikaa nyuma kuangalia mdahalo wa ufunguzi. Kwenye viti vya mbele walikuwa wanafunzi wenzao, wakirekodi kwa simu. Binti wa kaka yangu akasimama, akaongea dakika zake zote bila kukwama hata mara moja, kengele ikalia, akakaa. Aliongea vizuri mno. Mimi kule nyuma nikajikuta bado nasubiri, labda kuna mtu atamuuliza kama ng'ombe wa kwao hawajambo.