Sato wa Makoko

Ofisini kwetu Bunda, mtu akitaka kujua hoteli nzuri za Musoma, ananiulizaga mimi. Leo naungama.

Jumamosi nilimpeleka bosi wetu mpya, Mama Rehema, akale samaki aina ya sato Makoko, hukohuko Musoma. Hoteli niliyomsifia tukaikuta imefungwa. Kwa kuogopa aibu, nikaingia ua wa jirani uliopangwa viti vya plastiki na kunukia samaki.

"Mama, tupe sato wawili na ugali wa muhogo," nikamwagiza mama aliyekuwa jikoni.

Akafurahi. "Karibuni! Tumewasubiri tangu asubuhi."

"Hapa wananijuaga," nikamnong'oneza bosi.

Tulinawishwa, tukala mpaka tukalegea. Nikalalamika hata kwamba soda haina ubaridi, wakakimbia kuleta nyingine. Bosi akasema hajawahi kuona hoteli yenye heshima namna hii, nami nikavimba kichwa.

Nikaita bili. Akatoka mzee mwenye suti pamoja na mashangazi watatu, wakaketi mbele yetu.

"Haya wakwe zetu, mmeshiba," mzee akasema. "Sasa tuleteeni barua ya posa." Kisha akanikazia macho kiparani. "Ila mchumba ndiye huyu? Mbona kwenye picha alikuwa na nywele?"