Fomu ya Mama

Kazi yangu ni ya maabara, hospitalini hapa Bariadi. Napokea usaha, mkojo na damu, naotesha bakteria, kisha naangalia ni dawa gani inawaua na ipi wameshaizoea. Kwenye fomu kuna swali: mgonjwa ameshatumia dawa gani? Wauguzi wakiliacha wazi huwa nawarudishia fomu kwa maneno makali. Nina mdomo, nakiri.

Mama yangu analima pamba Ipililo. Alichomwa unyayoni na kisiki cha pamba, mguu ukavimba, akanipigia simu. Nilikuwa na foleni dirishani. Badala ya kumwambia apande gari aje, nikamwuliza kama zile kapsuli za rangi mbili za mwaka jana bado zipo.

"Zipo, ng'wanone, mwanangu."

"Meza mbili asubuhi, mbili jioni, mayu," nikamwambia mama. "Nyingine fungua, unyunyize unga wake kwenye kidonda."

Ndivyo wafanyavyo kwetu, nami nimesomeshwa kabisa kwamba haifai. Mganga hajigangi, wanasema. Mimi nilimganga mama yangu kwa simu.

Siku ya tano aliletwa hospitalini kwetu na homa, mguu unanuka. Daktari akamwuliza kama kuna dawa ameshatumia. Mama akanitupia jicho, nimesimama pale na koti langu jeupe, akajibu upesi, "Sijameza kitu, daktari." Alikuwa ananisitiri. Niliona aibu mbele ya watu ninaowafokea kila siku. Kwenye fomu nikaandika kwa mkono wangu: hakuna.

Kuotesha huchukua siku kadhaa, kwa hiyo daktari alianza na dawa aliyoona inafaa kwa kuanzia. Ilikuwa ileile ya kapsuli za mama. Ningesema, angechagua nyingine siku hiyohiyo.

Siku ya tatu tangu aletwe nilifungua sahani ya kuoteshea. Bakteria walikuwa wameota hadi ukingoni mwa kikaratasi chenye dawa ile, wamekigusa kabisa; walikuwa wameshaizoea. Dawa nyingine iliwaua. Nilikimbia na majibu wodini, lakini weusi ulikuwa umeshapanda juu ya kifundo. Mguu ulikatwa chini ya goti.

Sasa mama yuko nyumbani, shambani haendi tena. Majirani wakija kumpa pole huwaambia, "Bila kipimo cha huyu mwanangu ningekufa." Wananishukuru mmoja mmoja, nami nawapa mkono.