Mdomo wa Mama kwenye Shaba

Kaka yangu alirudi nyumbani Nyasubi kutoka kusomea uchoraji akiwa na kipande cha shaba na sindano. Mama alitaka aingie mashimoni Mwakitolyo akachimbe dhahabu kama wenzake. "Picha haziliwi," alimwambia kila asubuhi, kwa sauti iliyofika mpaka sokoni.

Kaka hakubishana naye. Aliipaka shaba nta, akachora kwa sindano, kisha akaimwagia asidi ileile wanayosafishia dhahabu hadi ikaila shaba kwenye mistari. Alichora ngoma za mavuno, zile za kushindana, ambapo kila kundi hufanya vituko ili kuvuta watazamaji. Ila kwenye shaba yake, wenye vinyago walikuwa wakubwa wa mji. Mnunuzi wa dhahabu alicheza na kichwa cha fisi, na mheshimiwa mmoja alibebwa mabegani na wachimbaji.

Mashine ya kuchapia hatukuwa nayo, tukaenda kwa fundi bati jirani, mwenye mashine ya kuviringishia mabati. Tuliweka shaba yenye wino, karatasi iliyoloweshwa na blanketi langu juu, tukazungusha mpini taratibu. Kaka alipoibandua karatasi, nilisisimka mwili mzima. Sikuwahi kuona kitu kama kile. Kila njuga ilionekana, hata vumbi la miguuni, na vyote vilikuwa vimetoka kwenye shaba niliyozoea kuiona uvunguni mwa kitanda chake.

Kisha nikamwona Mama. Alisimama katikati ya ngoma, kanga kiunoni, mdomo umeachama kuliko ngoma zenyewe, akiwafokea wote.

Na Mama mwenyewe alikuwa mlangoni, kaja kuona tunapotezea wapi muda. Akaichukua karatasi ikiwa bado mbichi. Fundi akainama kutafuta nyundo ambayo ilikuwa mkononi mwake.

"Huyu mimi," alisema Mama.

"Nisamehe, Mama. Mdomo nitaufuta, shaba inakwanguika."

Mama aliondoka na karatasi yake, ameishika pembeni kwa ncha za vidole, nami nikaogopa inakwenda jikoni kuwashia moto.

Kaka aliukwangua kweli. Picha zote zilizochapwa baadaye kwa shaba ile zina mama mpole aliyefumba mdomo, na moja ya hizo ndiyo iliyotundikwa mwaka jana kwenye maonyesho Mwanza. Tulikwenda na Mama. Watu walisimama mbele ya picha wakisifu utulivu wa yule mwanamke. Kaka alikuwa kando, mikono mifukoni, kwa sababu alishaamua kwamba Mama akimwambia tena habari za Mwakitolyo, safari hii ataenda.

Mama aliisogelea picha, kisha akamgeukia Kaka.

"Ng'wanawane, mwanangu," alimwambia, "huyu simjui. Mimi niko nyumbani, ukutani, juu ya kitanda changu. Ukichora tena, uniache niseme."