Chekeche na Figo za Mke Wangu

Shule niliacha darasa la pili, lakini hapa Gede hakuna fundi aliyejua mchanga kunishinda. Mchanga wetu una ukaidi wake: umejaa vipande vya kombe za baharini, vyembamba kama njiti. Ukitikisa chekeche, kokoto ya duara inabaki juu. Kipande cha kombe cha uzito uleule kinasimama wima, kinapita. Plasta ikiwa nacho, haitulii ukutani. Lazima mtu akae avitoe kwa mkono. Mtu huyo alikuwa mke wangu, miaka na miaka, kachuchumaa juani.

Magoti yakamwuma. Nikamnunulia vidonge vya maumivu dukani, viwili asubuhi, viwili adhuhuri, ili kazi isilale. Akaniambia mkojo wake unatoa povu. Nikamjibu, "Ni sabuni uliyooshea choo. Twende kazini."

Mwaka huu akavimba miguu na uso. Hospitalini Malindi, daktari, binti mdogo, akaniamkia shikamoo, kisha akatueleza kwamba figo ni chujio. Na si uzito tu unaoamua kipi kipite, umbo pia. Chembe mbili za uzito mmoja, ile ndefu inayojipinda hupenya kichwa mbele, ile iliyojikunja donge hubaki.

Nikacheka. "Binti, hilo unanifunza mimi? Nimelijua kabla hujazaliwa!" Nikamweleza kombe na kokoto, mikono juu, hata muuguzi akasimama mlangoni kusikiliza.

"Vizuri, baba," akasema. "Sasa protini ya damu ndiyo kokoto yako. Ukiikuta chini ya chekeche utasemaje?"

"Waya umekatika."

"Basi kwenye mkojo huonekana kama povu. Mama, uliwahi kuliona?"

Mke wangu akajibu taratibu, bila kinyongo: "Tangu mwaka juzi. Lakini mwenyewe huyu alisema ni sabuni."

"Na dawa unatumia gani?"

Akanitazama. Angenisitiri, namjua. Viwili vya adhuhuri vilikuwa mfukoni mwa shati langu, nimevifunga karatasi. Nikaviweka mezani. "Hivi. Nilikuwa nampa mimi."

Daktari akasema vidonge hivyo, vikinywewa miaka, hula chujio lenyewe. Lililoharibika halirudi, lililobaki ndilo la kulindwa.

Sasa yeye hukaa kivulini. Kombe naokota mimi. Magoti yananiuma, na dawa sinywi.