Siku Tisa Ambazo Sikwenda Bwawani

Siku yangu ya kwanza kazini, Mkaguzi wa Maji alinikabidhi buti za mpira, penseli na daftari, akanipeleka mtoni karibu na Kasikeu. Nilikuwa nimemaliza kidato cha nne juzi tu. Ndani ya maji palisimama ubao mrefu wenye namba. Kazi yangu ilikuwa kusoma maji yamefika wapi, asubuhi na jioni, na kuandika. Mkaguzi alinipa sheria moja tu.

"Daftari halitaki pengo. Ukishindwa kufika, angalia ya jana na ya juzi, ukisie. Wakubwa Nairobi hawapendi pengo."

"Na kama maji yalipanda siku hiyo, bwana?"

"Kwani wewe ndiye mvua?"

Tulicheka. Niliibeba sheria hiyo Tawa, nikaibeba Mtito Andei, na hatimaye Kitui. Nilipandishwa cheo kwa sababu ya usafi wa madaftari yangu.

Mwaka wangu wa mwisho, Mhandisi wa Maji aliniita ofisini. Mbele yake alikaa Mwende, binti wa mwalimu mmoja wa Tawa, mwenyewe tayari mhandisi. Chuo fulani cha ng'ambo kilikuwa kimetangaza nafasi ya shahada ya uzamifu, karo yote juu yao, kwa mtu atakayeifundisha roboti kuona chini ya maji. Mwende aliiomba, na sharti lao lilikuwa kwamba kwanza aonyeshe majaribio yake. Profesa wa huko alikuwa amemwambia kwamba wao wana matangi ya maji safi tu. "Wewe una tope," alimwambia. "Tope ndilo litakalokuleta huku."

Bwawa letu nje ya mji lilikuwa na tope la kutosha. Roboti yenyewe ilikuwa ndogo kuliko mtungi wa lita ishirini, yenye kamera na taa mbili, iliyofungwa kwa waya mrefu. Ilitakiwa itambue bomba la kutolea maji, mahali ambapo mzamiaji haoni hata mkono wake. Mashine haizaliwi ikilijua tope. Huonyeshwa picha nyingi, na kila picha huambatana na kipimo cha uchafu wa maji siku hiyo. Kipimo kilikuwa kazi yangu: kushusha sahani nyeupe na nyeusi kwa kamba mbele ya kamera hadi nisiione tena, kisha kuandika kina.

"Picha zitajipiga zenyewe saa mbili asubuhi," Mwende alinieleza. "Mimi nitakuwa Nairobi nikifundisha. Mzee, wewe ndiye macho yangu."

"Mimi na miwani hii?"

"Hiyo miwani imeona maji kuliko maprofesa wote."

Mvua zikaanza. Njia ikaharibika, goti langu likavimba, nikakaa nyumbani siku tisa. Daftari nililijaza nikiwa kwenye kochi. Mvua huchafua maji, nilijiambia, basi nikapunguza kina kidogo kidogo kila siku. Namba zilipendeza. Sikujua kwamba mvua ile ilinyesha mjini tu. Bwawani maji yalikuwa yametulia, tope limezama chini.

Siku ya majaribio, Profesa akitazama kwenye skrini, roboti ilipita kando ya bomba bila kulitambua, ikajichimbia kwenye matope. Walipochunguza, wakakuta picha za siku tisa zenye bomba wazi kabisa, huku daftari likisema ni giza; mashine ilikuwa imefundishwa uongo. Profesa alimuuliza Mwende nani alibuni namba hizo. Akampa wiki mbili alete maelezo yaliyotiwa sahihi na aliyepima.

Mwende alikuja kwangu. Hakupiga kelele.

"Mzee, sahani haimo kwenye picha hata moja ya siku hizo. Ulienda?"

"Nilienda."

"Baba, pengo si kosa. Ningezitupa tu hizo picha. Niandikie mistari miwili, waone si mimi."

"Nimesema nilienda. Labda hiyo kamera yenu ni mbovu."

Mke wangu, aliyenikanda goti siku zote tisa, alikuwa akimimina chai. Aliweka birika chini, akatoka nje. Nilikuwa nimebakiza miezi minne nistaafu, nikaogopa kufukuzwa bila pensheni.

Wiki mbili zikapita. Nafasi ilipewa mwingine. Chuo cha pili alichoomba Mwende kilimuuliza Profesa yule yule habari zake, kikanyamaza. Katika sherehe ya kuniaga, Mhandisi alinisifu kuwa mtu asiyekosa siku hata moja. Watu walipiga makofi, nami nikakata keki.

Vijana, watafiti wanakuja sana siku hizi huku Kitui na Makueni, na baadhi yenu mtapewa kazi ya kuwapimia. Mkishindwa kwenda, semeni. Mkiwa mmeshadanganya, semeni siku hiyo hiyo. Mimi nilidhani ukweli hungoja mtu astaafu.

Barua ya kukiri niliiandika pensheni ilipotoka, nikampelekea Mwende kwa mkono wangu huko Mtito Andei, alikokuwa sasa akiuza pampu dukani. Aliisoma yote akiwa amesimama.

"Umeandika vizuri, mzee," alisema. "Lakini sasa nimpelekee nani?"

Mteja akaingia akitaka pampu ya kisima. Mwende akaiweka barua kwenye kaunta, akaanza kumweleza, kwa upole ule ule aliokuwa akinieleza mimi, jinsi ya kupima kina cha maji.